Tovuti ya biashara yako haionekani Google? Fuata hatua hizi

Maswali ni yaleyale kila wiki. "Nimetengenezewa tovuti, mbona nikitafuta Google siioni?" "Inabidi niilipe Google kiasi gani ili niwe wa kwanza?" "Kuna jamaa anasema atanipandisha hadi juu ndani ya siku saba, nimpe hela?" Nimeona niyajibu yote mahali pamoja, hatua kwa hatua, ili mwenye duka, karakana, saluni au ofisi ndogo aweze kukaa na kompyuta au simu yake na kuifanya kazi hii mwenyewe.

Majibu mafupi kwanza. Google haiuzi nafasi kwenye matokeo ya kawaida. Unaweza kulipia tangazo, nalo litawekewa alama kwamba limelipiwa, na siku hela ikikatika linaondoka. Matokeo mengine yote yanatokana na kile Google ilichokisoma kwenye kurasa zako na kwenye tovuti za watu wengine. Kwa hiyo huyo jamaa wa siku saba usimpe hela. Hakuna mtu mwenye uwezo wa kuahidi nafasi ya kwanza.

Na hapo kwenye kusomeka ndipo biashara zetu nyingi zinapokwama. Tumezoea kuuza kwa picha: posta ya rangi nzuri, bei imechorwa ndani ya picha, chini yake "njoo inbox". Instagram njia hiyo inauza. Google haiuzi, kwa sababu mtu anayetafuta anaandika maneno, na maneno hayo lazima ayakute kwenye ukurasa wako yakiwa maandishi.

Nitatumia mfano mmoja mpaka mwisho: karakana ya samani Keko, Dar es Salaam, inayotengeneza vitanda, makabati na milango ya mbao. Wewe weka biashara yako mahali pake.

Andaa hivi kabla ya kuanza

- Nywila za sehemu tatu: pale jina la kikoa liliposajiliwa (ile anwani yako ya .co.tz, .co.ke au .com), pale tovuti inapohifadhiwa, na ndani ya tovuti yenyewe kama msimamizi. Kama fundi aliyekujengea ndiye anazo zote, mwombe leo, mkiwa bado mnaelewana. Hakikisha pia kikoa kimesajiliwa kwa jina lako na barua pepe yako. Nimeona watu wakipoteza anwani ya miaka mingi kwa sababu ilikuwa kwa jina la fundi aliyebadilisha namba ya simu.
- Akaunti ya Gmail ya biashara. Isiwe ya mfanyakazi, isiwe ya mpwa wako anayesoma chuo.
- Jina la biashara, mahali ilipo, namba ya simu na saa za kazi, vimeandikwa sehemu moja kwa namna moja. Utavinakili hivyohivyo kila mahali.
- Simu yenye mazungumzo ya WhatsApp na wateja. Utaona kazi yake kwenye hatua ya 4.

Nachukulia tovuti yako imejengwa kwa WordPress, maana mafundi wengi ndiyo wanayotumia. Kama ni Wix au Shopify, kazi ni ileile ila vitufe vinakaa mahali pengine.

Hatua zenyewe

1. Angalia kama Google inaijua tovuti yako. Andika kwenye sehemu ya kutafutia: site:jinalako.co.tz, bila kuacha nafasi popote. Ukiona orodha ya kurasa zako, tovuti inajulikana. Usipoona kitu, hatua ya 2 inakuhusu sana.

2. Ondoa vizuizi. Ndani ya WordPress ingia "Settings" kisha "Reading". Chini kuna kisanduku kinachoziomba injini za utafutaji zisiiorodheshe tovuti hii. Mafundi hukitia tiki wakati wa ujenzi ili kazi ambayo haijaisha isionekane, halafu wanasahau kukitoa. Toa tiki, hifadhi. Kisha fungua jinalako.co.tz/robots.txt. Ukikuta "User-agent: *" na chini yake "Disallow: /", yaani alama ya / ikiwa peke yake, tovuti nzima imefungiwa mlango, mwambie fundi aufute mstari huo. Mstari wenye "/wp-admin/" ni wa kawaida, uache.

Ukiwa hapo, angalia kama anwani yako inaanza na https. Kama ni http tupu, iombe kampuni inayokuhifadhia tovuti iwashe cheti cha usalama cha Let's Encrypt. Ni cha bure, na tovuti ndogo haihitaji cha kulipia. Wakuhakikishie pia kwamba mtu akiandika anwani yako akiwa na www au bila www anaishia mahali pamoja.

3. Jisajili Google Search Console. Ni huduma ya bure ya Google inayokuonyesha kurasa zipi zimesomwa, zipi zimeachwa na kwa nini, na watu waliandika maneno gani wakakuona. Ingia kwa ile Gmail ya biashara, ongeza tovuti yako, kisha uthibitishe kuwa ni yako. Njia kamili ni kuongeza rekodi ya TXT, yaani mstari wa maandishi unaopewa na Google, kwenye mipangilio ya kikoa. Ikikuchanganya, chagua ile ya kuandika anwani nzima yenye https. Hiyo inakuruhusu kupakia faili moja au kubandika mstari mmoja kwenye tovuti. Usilifute faili hilo baadaye, uthibitisho utavunjika.

Baada ya hapo wasilisha ramani ya tovuti, yaani orodha ya kurasa zako inayosomwa na mashine. WordPress inaitengeneza yenyewe tangu toleo la 5.5 la mwaka 2020, kwenye jinalako.co.tz/wp-sitemap.xml. Ukiwa na plagini (programu ndogo inayoongezwa kwenye WordPress) ya Yoast SEO, yako iko kwenye sitemap_index.xml. Nakili jina la faili, libandike, tuma. Bing, injini ya utafutaji ya Microsoft, nao wana huduma kama hii, na inaweza kuvuta kila kitu kutoka Search Console, kwa hiyo ifanye wakati huohuo.

4. Kusanya maneno ya wateja wako. Hatua hii haitaki utaalamu wowote wa kompyuta, na kwangu ndiyo yenye faida kuliko zote. Fungua WhatsApp ya biashara, usome meseji za kwanza za wateja, zile walizoandika kabla hujawajibu:

"Habari, kitanda cha 6 kwa 6 mninga bei gani?"
"Kabati la nguo milango mitatu mnalo?"
"Mnaleta mpaka Kibaha?"
"Mlango wa mkongo pamoja na fremu ni shilingi ngapi?"

Hayo ndiyo yanayoandikwa Google. Hakuna anayetafuta "suluhisho bora la samani kwa mahitaji yako", ingawa tovuti nyingi zimejaa sentensi za aina hiyo. Yaandike kwenye daftari kama yalivyo. Kisha nenda Google, andika "bei ya kitanda cha" bila kubonyeza, usome mapendekezo yanayojitokeza. Hayo yanatokana na utafutaji wa watu halisi.

Kuna jambo la Kiswahili hapa ambalo miongozo iliyoandikwa kwa ajili ya lugha nyingine haitakuambia. Umoja na wingi wetu hubadilisha mwanzo wa neno: mmoja ataandika mlango, mwingine milango, mmoja kabati, mwingine makabati. Vipimo navyo ni vivyo hivyo: 6x6, 6 kwa 6, futi sita kwa sita. Wewe unaita sofa, mteja wako anaita makochi. Usiitegemee mashine iunganishe yote hayo. Yatumie ndani ya ukurasa kwa sentensi za kawaida: "Tunatengeneza vitanda vya mninga vya saizi zote. Kitanda hiki ni cha futi 6 kwa 6 (6x6)." Kama wateja wako wanachanganya Kiingereza na Kiswahili, weka na maneno yao hayo mara moja au mbili.

5. Kila bidhaa kuu iwe na ukurasa wake. Kosa ninalokutana nalo kuliko mengine yote ni tovuti yenye ukurasa mmoja unaoitwa "Huduma zetu", umeorodhesha vitu kumi na tano kwa neno mojamoja. Mtu anayetafuta kabati la milango mitatu hana cha kusoma hapo, na Google haina cha kumwonyesha. Vitanda viwe na ukurasa wao, makabati wao, milango wao. Anwani za kurasa nazo zisomeke: jinalako.co.tz/vitanda-vya-mninga, siyo jinalako.co.tz/?p=117. WordPress ina mpangilio wa anwani hizi kwenye "Permalinks". Tahadhari: kama tovuti ni ya zamani na kurasa zake tayari zinaonekana Google, usibadilishe anwani bila kuelekeza za zamani kwenda mpya kwa 301 (amri ya kumhamishia mtu anwani mpya moja kwa moja), la sivyo kila aliyekuwa anakupata ataangukia ukurasa wa kosa.

Uandike nini? Jibu maswali ya kwenye daftari. Hivi hapa:

"Kitanda cha mninga, futi 6 kwa 6. Mbao ni mninga mkavu, chaga ni za mbao, na ubao wa kichwani unaweza kuchagua wa wima au wa kitambaa. Bei inaanzia shilingi …, bila godoro. Kinakuwa tayari siku … baada ya malipo ya awali. Karakana yetu iko Keko, wilaya ya Temeke. Tunasafirisha Dar es Salaam yote, Kibaha na Bagamoyo. Gharama ya usafiri inategemea umbali."

Hakuna ufundi wa siri kwenye maneno hayo. Ni kile ambacho ungemwambia mteja aliyesimama mbele yako, na ndicho Google inakihitaji.

Kuhusu bei: najua wengi mnaficha kwa kuogopa washindani. Washindani wako bei zako wanazijua, walishatuma mtu kuuliza. Anayepotea ni mteja aliyechoka kuambiwa "njoo inbox". Kama bei inabadilika, andika "kuanzia".

Tahadhari mbili. Usinakili maelezo kutoka tovuti ya mtu mwingine. Na usitengeneze kurasa ishirini zinazofanana, "Vitanda Mbezi", "Vitanda Tegeta", "Vitanda Mbagala", zilizobadilishwa jina la mtaa tu. Sera za Google zinakataza kurasa za namna hiyo, na zinaweza kukuangusha badala ya kukupandisha.

Ukiwa na wateja wa lugha mbili, weka Kiswahili na Kiingereza kwenye kurasa tofauti, kila moja na anwani yake. Kitufe cha kutafsiri ukurasa papo hapo hakitengenezi ukurasa mpya wa kuonekana Google. Angalia pia lugha ya tovuti ndani ya WordPress: mara nyingi imeachwa Kiingereza wakati maandishi yote ni Kiswahili. Ibadilishe.

6. Andika vichwa vya kurasa upya. Kichwa ni ule mstari wa kubonyeza unaoonekana kwenye matokeo, ndicho kibao cha duka lako huko Google. Tovuti nyingi kibao chao kimeandikwa "Nyumbani", basi. Badilisha:

Kabla: Nyumbani – Karibu kwenye tovuti yetu
Baada: Vitanda vya mninga 6 kwa 6: bei na picha | Keko, Dar

Bidhaa ianze, mahali pafuate. Kisipite herufi 60 hivi, kikizidi Google hukikata. Kila ukurasa na kichwa chake, visifanane. Chini ya kichwa kuna maelezo mafupi ya herufi kama 150. Hayo hayakupandishi nafasi ila yanamshawishi mtu abonyeze, kwa hiyo weka kitu cha kumvuta: bei ya kuanzia, muda wa kutengeneza, usafiri. Plagini ya Yoast SEO au Rank Math inakupa sehemu ya kujaza vyote viwili. Chagua moja, usiweke zote. Fundi akikuambia ujaze orodha ya maneno muhimu iliyofichwa kwenye ukurasa, usipoteze muda. Google ilitangaza mwaka 2009 kwamba haiitumii.

7. Tengeneza picha zako. Picha ikitoka WhatsApp inaitwa kitu kama IMG-20240312-WA0007.jpg. Kabla ya kuipakia, ibadilishe jina: kitanda-mninga-6-kwa-6.jpg. Ukishaipakia, jaza sehemu ya maelezo ya picha, ile iitwayo "Alt text", kwa sentensi ya kweli: "Kitanda cha mninga cha futi 6 kwa 6 chenye droo mbili pembeni." Inaisaidia Google, na inamsaidia mtu asiyeona ambaye simu yake inamsomea ukurasa.

Halafu uzito. Picha ya simu za sasa inaweza kuwa na MB 4 au 5. Ukurasa wenye picha kumi za namna hiyo unamlia mteja bando lake kabla hajaona bei. Punguza upana hadi pikseli 1200 hivi, uihifadhi kwa muundo wa WebP, ilenge chini ya KB 200. Tovuti ya Squoosh inafanya yote hayo bure ndani ya kivinjari. Na zile posta zenye maandishi ndani ya picha, maandishi hayo yaandike tena chini yake.

8. Jaribu tovuti kwa simu ya kawaida. Siyo simu yako mpya kwenye Wi-Fi ya ofisini. Azima simu ya bei ya chini, tumia data, fungua ukurasa wa vitanda. Tangu 2023 Google imekamilisha kuhamia kwenye kuzisoma tovuti kama zinavyoonekana kwenye simu, kwa hiyo maandishi yaliyoondolewa kwenye toleo la simu ni kama hayapo. Kisha weka anwani yako kwenye PageSpeed Insights, huduma ya Google ya kupima kasi ya tovuti. Lengo lao ni kitu kikubwa kuliko vyote kwenye sehemu inayoonekana ukurasa unapofunguka kionekane ndani ya sekunde 2.5. Wachelewashaji huwa walewale: picha nzito, picha zinazopishana juu ya ukurasa, video inayojiwasha, na plagini zisizo na kazi. Toa.

Weka kitufe cha WhatsApp kinachobonyezeka: wa.me/ ikifuatiwa na namba inayoanza na 255, bila alama ya kujumlisha na bila ile sifuri ya mwanzo.

9. Fungua Google Business Profile. Hii ndiyo inayokuweka kwenye ramani pale mtu anapoandika "fundi samani karibu nami". Ni bure. Chagua aina ya biashara iliyo sahihi kabisa, weka alama ya ramani mlangoni pako mwenyewe badala ya katikati ya mtaa, na uweke anwani ya makazi uliyopewa kama unayo. Kwenye maelezo taja alama ambayo watu wanaijua, kama kituo cha daladala au msikiti. Google inaweza kukutaka urekodi video ikionyesha barabara, kibao na ndani ya karakana. Ifanye mchana, bila kukatisha. Saa za kazi zibadilishe wakati wa Ramadhani na sikukuu, mtu akikuta umefunga atarudi kuandika maoni mabaya.

Jina liwe la biashara tu. Ukiongeza "vitanda bei nafuu Dar" kwenye jina unavunja sera zao na wasifu unaweza kusimamishwa. Maoni ya wateja yaombe kila mara unapokabidhi kazi: mtumie kiungo akiwa bado anafurahia kitanda. Usinunue maoni wala usitoe punguzo ili uandikiwe mazuri. Yajibu yote, hasa ya malalamiko, kwa adabu.

10. Tajwa kwenye tovuti za wengine. Muuza mbao wako ana tovuti? Hoteli uliyoiwekea vitanda? Chama cha wafanyabiashara ambacho wewe ni mwanachama? Waombe waweke kiungo cha tovuti yako. Viungo vichache vya kweli vinatosha kuanzia. Vya kununua kwa mafungu achana navyo, Google inavichukulia kama udanganyifu.

Mambo yakikwama

*Nimefanya yote, wiki imepita, sioni kitu.* Kusomwa kunaweza kuchukua siku kadhaa hadi wiki kadhaa. Kupanda kwenye maneno yenye ushindani ni miezi. Ndani ya Search Console bandika anwani ya ukurasa kwenye sehemu ya ukaguzi iliyo juu, kisha uombe usomwe. Kuomba kila siku hakuharakishi.

*Search Console inasema ukurasa umesomwa lakini haujaorodheshwa.* Mara nyingi ukurasa ni mwembamba mno au unafanana na mwingine. Rudi hatua ya 5, ongeza vipimo, bei, picha na majibu ya maswali, au unganisha kurasa mbili ziwe moja.

*Naonekana kwa jina la biashara, kwa bidhaa sionekani.* Maneno ya bidhaa hayapo kwenye vichwa na maandishi yako. Hatua ya 4 hadi ya 6.

*Naonekana mara nyingi lakini hakuna anayebonyeza.* Fungua ripoti ya utendaji ndani ya Search Console, tafuta neno linaloonekana sana lenye mibonyezo michache, kisha uandike upya kichwa cha ukurasa huo.

*Nilikuwa juu, nimepotea ghafla.* Kabla ya kulaumu Google, fungua tovuti yako. Kikoa kimeisha muda? Malipo ya kuhifadhi tovuti yamepita? Cheti cha https kimeisha na kivinjari kinatoa onyo? Fundi ameibadilisha tovuti na kurudisha ile tiki ya hatua ya 2?

*Nikiandika site: naona kurasa za kubeti au za Kijapani nisizozijua.* Umedukuliwa, na mara nyingi njia ni mandhari ("theme", ile inayoipa tovuti mwonekano wake) au plagini ya kulipia iliyopakuliwa bure kutoka kwa mtu asiyejulikana. Badilisha nywila zote tatu, iombe kampuni inayokuhifadhia irudishe nakala ya kabla ya tukio, ondoa mandhari hiyo, sasisha WordPress na plagini zote. Angalia ndani ya Search Console kama ameongezwa mmiliki usiyemjua, umtoe pamoja na faili lake la uthibitisho. Kisha fungua sehemu ya masuala ya usalama humohumo na, kama kuna onyo, uombe tovuti ikaguliwe upya.